Maktaba Iliyojua Kusahau

Siku hizi huwezi kukaa na watu wawili wa kompyuta bila akili unde kutajwa (wenzetu wengine huiita akili mnemba, nami sigombani na mtu kuhusu jina). Mabenki yanayo, hospitali zinaitaka, na sasa maktaba nazo zimo mbioni. Kuna programu za kumpendekezea msomaji kitabu, kuna programu za gumzo zinazojibu maswali yake saa sita za usiku, na kuna programu za kusoma kitabu kipya na kukiandikia maelezo ya katalogi. Kila mara watu wa fani hii wanapokutana swali huwa ni lile lile: je, tutazitumiaje mashine hizi kwa maadili? Halafu wote hukuna vichwa kana kwamba swali lenyewe limezaliwa juzi.

Halikuzaliwa juzi. Maktaba zimekuwa zikilijibu kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lao mara nyingi halikuwa hotuba wala azimio la mkutano. Lilikuwa jibu la kiufundi, la aina ambayo mtu wa programu kama mimi anaweza kulielewa mara moja: ni nini tutakachokiweka, na ni nini tutakachokitupa?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba tuiache akili unde kwa muda na turudi nyuma hadi enzi za kadi za karatasi. Tutaifikia tena, wala usiwe na wasiwasi.

Kadi mbili

Mwaka 1895 mkutubi Mmarekani aitwaye Nina Browne alibuni njia ya kuazimisha vitabu ambayo hadi leo inabeba jina lake. Njia hiyo ilienea sana Uingereza na katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Ilifanya kazi hivi. Maktaba ilikupa mifuko midogo ya karatasi ngumu iliyoandikwa jina lako na anwani yako. Ukiwa na mifuko mitatu, basi ruhusa yako ni vitabu vitatu. Kila kitabu nacho kilikuwa na kadi yake ndogo, imeandikwa jina la kitabu, mwandishi na nambari. Ulipoazima, mkutubi alichomoa kadi ya kitabu, akaitia ndani ya mfuko wako, akaupanga mfuko huo kwenye trei kwa kufuata tarehe ya kurudisha. Ulipokirudisha kitabu, alitafuta mfuko wako kwenye trei, akaichomoa kadi na kuirudisha ndani ya kitabu, nao mfuko akakupa mkononi. Kazi imekwisha.

Sasa itazame njia hiyo kwa jicho la mwandishi wa programu. Taarifa kwamba "fulani ana kitabu fulani" haikuandikwa popote. Ilikuwa ni vitu viwili vilivyokaa pamoja. Vikitenganishwa, taarifa haifutwi, kwa sababu hakuna cha kufuta. Inakoma kuwapo. Kesho yake polisi, mwajiri, mume au mwalimu mkuu akija kuuliza ulisoma nini mwaka jana, mkutubi hana haja ya kuwa shujaa. Anaweza kusema "sijui" na akawa anasema kweli.

Simaanishi kwamba Bi Browne alikuwa akiwaza habari za faragha. Mfumo wake ulipendwa kwa sababu ulikuwa mwepesi na wa bei nafuu. Lakini mwepesi au la, ulikuwa mfumo unaojua kusahau.

Kulikuwa na njia nyingine iliyoshindana nayo, iliyopewa jina la mji wa Newark huko New Jersey. Hapo kadi ya kitabu ilikuwa na mistari, na kila aliyeazima aliandikwa kwenye mstari wake pamoja na tarehe. Kadi ikijaa, inaongezwa nyingine. Wengi wetu tuliosoma shule za Kenya tunaikumbuka kadi ya namna hii ikiwa imechomekwa kwenye mfuko nyuma ya jalada, na majina ya waliotutangulia yameorodheshwa juu yake. Ilikuwa raha, nakubali. Ungegundua kwamba kiranja mkuu wa miaka minne iliyopita aliisoma riwaya ile ile unayoisoma. Lakini umeona tofauti? Kadi hii haisahau. Yeyote anayeishika anaona historia yote.

Mifumo hiyo miwili ilifanya kazi ile ile, yaani kuhakikisha kitabu kinarudi. Mmoja uliacha alama, mwingine haukuacha. Hilo ndilo ninalotaka ulishike tunapoendelea.

Wageni wenye vitambulisho

Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Hata hivyo wakutubi walishaanza kuhisi kwamba kuna amana wanayoibeba. Mwaka 1939 Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha kanuni za maadili ya kazi, na mojawapo ilimtaka mkutubi azichukulie kuwa siri habari za kibinafsi anazozijua kutokana na kuwahudumia wasomaji.

Kanuni hiyo ilipata mtihani mkali mwaka 1970. Maafisa wa idara ya kodi ya Marekani, ambayo wakati huo ndiyo iliyosimamia pia masuala ya silaha na milipuko, walifika katika maktaba ya umma ya Milwaukee wakitaka kuona ni akina nani waliosoma vitabu kuhusu milipuko. Nchi ilikuwa motoni kwa sababu ya vita vya Vietnam, na mabomu yalikuwa yakilipuka kweli. Kwa hiyo ombi lao halikuwa la kipuuzi. Lakini fikiria ni nani anayesoma kuhusu milipuko: mwanafunzi wa kemia, mchimbaji wa mawe, mwandishi wa hadithi za upelelezi, mtu aliyesikia neno redioni na akataka kujua maana yake. Wote hao wangeingia kwenye orodha moja. Januari 1971 chama kile kile kikapitisha sera rasmi kuhusu usiri wa kumbukumbu za maktaba: hazitolewi bila amri halali, na maktaba iwe tayari kuipinga amri hiyo mahakamani ikiwa haina msingi.

Mwaka uliofuata mtu mmoja alilipa kwa mwili wake. Zoia Horn alikuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania. Serikali iliwashtaki wanaharakati wa kupinga vita, akiwamo kasisi Philip Berrigan, kwamba walikula njama ya kumteka nyara Henry Kissinger. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa mfungwa aliyeruhusiwa kufanya kazi katika maktaba ya chuo hicho, huku kwa siri akiipasha FBI habari. Horn alitakiwa kutoa ushahidi. Alikataa, akisema hawezi kushiriki katika jambo linaloigeuza maktaba kuwa mahali pa kuwapelelezea wasomaji. Alitupwa gerezani karibu siku 20, akatoka tu kesi ilipokwisha baada ya baraza la waamuzi kushindwa kuafikiana juu ya mashtaka makuu. Aliaga dunia mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 96.

Mwaka 1987 ikajulikana kwamba FBI ilikuwa na mpango wa kuzizungukia maktaba za sayansi ikiuliza ni raia gani wa nchi za kigeni, hasa Wasovieti, wanaosoma majarida gani. Vitabu vyenyewe havikuwa vya siri, vilikuwa kwenye rafu kwa yeyote. Habari zilitoka pale maafisa walipoingia katika maktaba ya hisabati na sayansi ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wakutubi wakakataa kushirikiana nao. Leo majimbo 48 kati ya 50 ya Marekani yana sheria za kulinda kumbukumbu za wasomaji wa maktaba.

Kompyuta haisahau yenyewe

Wakati huo huo kitu kingine kilikuwa kikibadilika kimyakimya. Kompyuta ziliingia maktabani, na mifuko ya Bi Browne ikatupwa.

Hapa naomba nieleze kidogo kwa wasio wa fani. Katika hifadhidata, kuazima kitabu ni mstari mmoja katika jedwali: nambari ya msomaji, nambari ya kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Kitabu kikirudi, kitu rahisi zaidi kwa mwandishi wa programu ni kujaza ile safu ya mwisho na kuuacha mstari ukae. Hakuna gharama, na pengine utafaa siku moja. Kufuta kunahitaji mtu aamue kwamba ufutwe, kisha aandike msimbo wa kuufuta, kisha akumbuke kwamba habari ile ile imo pia kwenye kumbukumbu za mfumo na kwenye nakala za akiba za wiki iliyopita. Karatasi ya Browne ilisahau bila kuambiwa. Kompyuta husahau ikiamriwa tu, tena mara tatu.

Mfano mzuri wa walioiamuru ni Koha. Neno hilo ni la Kimaori, maana yake zawadi. Programu hii huria ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kampuni ya Katipo kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo zilihofia kwamba mfumo wao wa zamani ungekwama mwaka 2000 ukiingia. Ilianza kazi Januari 2000, na leo inatumika duniani kote, zikiwamo maktaba nyingi za vyuo vikuu hapa Kenya. Ukiingia kwenye mipangilio yake utakuta kwamba maktaba inaweza kumwachia msomaji mwenyewe achague: historia yangu ya kuazima iwekwe milele, iwekwe kwa muda uliopangwa na maktaba, au isiwekwe kamwe. Akichagua "kamwe", kitabu kikirudi tu, uhusiano kati ya jina lake na kitabu unakatwa. Mfuko wa Browne umerudi, safari hii kwa msimbo! Na kwa kuwa msimbo uko wazi, unaweza kuufungua na kuhakikisha kwamba kweli unafanya hivyo.

Barua ya Connecticut

Oktoba 2001, wiki sita baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Marekani ilipitisha sheria iitwayo Patriot Act. Kifungu chake cha 215 kiliiruhusu FBI kuomba amri ya siri ya kuchukua kumbukumbu za aina yoyote, za maktaba zikiwamo, na aliyepewa amri hakuruhusiwa kumwambia mtu. (Kifungu hicho kiliisha muda wake Machi 2020.) Maktaba zilifanya nini? Baadhi zilibandika mabango ya kuwaonya wasomaji. Huko Santa Cruz, California, mwaka 2003 wakutubi walikuwa wakitia karatasi za kila siku kwenye mashine ya kukatakata. Kusahau sasa kulikuwa ratiba ya kazi.

Kisha Julai 2005 maafisa wa FBI walimfikishia George Christian barua ya usalama wa taifa. Christian aliongoza Library Connection, shirika la Connecticut lililoendesha mfumo wa kompyuta kwa zaidi ya maktaba 20. Soma hapo tena: barua haikwenda kwa maktaba yoyote, ilikwenda kwa aliyeshika seva. Ilitaka habari za aliyetumia kompyuta fulani kwa muda mfupi siku moja ya Februari mwaka huo. Barua za aina hiyo hazikuhitaji sahihi ya hakimu, na zilimfunga mdomo anayezipokea. Christian na wenzake watatu, Peter Chase, Barbara Bailey na Janet Nocek, walikataa na kwenda mahakamani kwa jina la siri. Hawakuruhusiwa hata kuzieleza familia zao. Bunge la Marekani liliijadili sheria hiyo na kuiongeza muda Machi 2006 huku mashahidi hao wanne wakiwa bado wamefungwa mdomo. Mwezi uliofuata serikali ikaacha kupigania marufuku ya kusema, na Juni ikaiondoa barua yenyewe.

Somo ninalolipata mimi hapo si kwamba FBI ni wabaya. Ni kwamba swali huelekezwa daima kwa mwenye kumbukumbu. Ukimpa mtu wa tatu kumbukumbu zako, umempa pia uamuzi wa kupinga au kutii.

"Lakini tumeondoa majina"

Kuna jibu ambalo sisi watu wa data hulipenda sana: tunaziweka kumbukumbu zote, ila tunaondoa majina. Mwaka 2006 jibu hili lilivunjika mara mbili.

Agosti mwaka huo kampuni ya AOL iliwapa watafiti maswali milioni 20 yaliyoandikwa kwenye mtambo wake wa kutafutia na watu takriban 650,000. Badala ya majina iliweka nambari. Baada ya siku chache waandishi wa New York Times walimpata mama mmoja wa jimbo la Georgia kwa kusoma tu maswali aliyouliza: kuhusu mji wake, jamaa zake, maradhi. Watu hujitaja katika maswali yao bila kujua.

Mwaka huo huo Netflix ilianzisha shindano la kutengeneza algoriti bora ya kupendekeza filamu, ikatoa alama milioni 100 zilizotolewa na wateja karibu 480,000 wasio na majina. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba ukijua filamu chache tu alizozipa mtu alama na takriban tarehe zake, unaweza kumtambua katika rundo lile lote. Shindano la pili lilifutwa mwaka 2010.

Orodha ya vitu ulivyochagua ni kama alama ya kidole. Haihitaji jina.

Na huku kwetu?

Msomaji atasema, hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje nyumbani.

Mwaka 1982 Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia, alikamatwa jijini Nairobi. Polisi walichukua vitabu na maandishi yake. Alishtakiwa kwa kupatikana na waraka wa uchochezi, akahukumiwa miaka sita gerezani. Hakushtakiwa kwa kumpiga mtu wala kwa kuiba. Ilikuwa karatasi. Katika miaka hiyo ya themanini, watu wazima walichoma majarida yao usiku au kuyazika shambani, kwa sababu kujulikana unasoma nini kulitosha kukupoteza. Jiulize: kama wakati ule kila maktaba ya chuo nchini ingekuwa na jedwali lenye mistari yote ya miaka kumi, ingechukua dakika ngapi kutengeneza orodha ya watu wa kukamatwa?

Tumetoka mbali tangu hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikusanywe kwa lengo lililotajwa, isizidi inayohitajika, wala isikae kuliko lengo hilo linavyodai. Inataka hata mfumo uundwe tangu mwanzo ukiwa na ulinzi ndani yake. Ukiisoma vizuri sheria hiyo, utaona kwamba inamtaka mwandishi wa programu afanye kile ambacho kadi ya Browne ilifanya yenyewe.

Sasa, akili unde

Nilisema tutafika. Kwa nini basi historia hii yote?

Kwa sababu akili unde inabadilisha mambo matatu katika hesabu ile ile ya kuweka na kutupa.

La kwanza ni hamu. Programu ya zamani haikujali ukifuta. Mfumo wa kupendekeza vitabu unajali, kwani chakula chake ni historia ya wasomaji. Kwa mara ya kwanza maktaba yenyewe, wala si polisi, ndiyo yenye sababu ya kutaka kukumbuka.

La pili ni kina. Kadi ya Newark ilisema ulichukua kitabu kuhusu ndoa. Programu ya gumzo inapokea swali lako zima: kwamba mume wako anakupiga, kwamba una watoto wawili, kwamba unaishi mtaa fulani, na je, kuna kitabu kinachoeleza haki zako? Hakuna mkutubi aliyewahi kuandika mambo kama hayo kwenye kadi. Sasa yanaandikwa yote, neno kwa neno, na mara nyingi kwenye seva ya kampuni iliyo bara jingine. Kumbuka Connecticut: swali huenda kwa mwenye seva. Mei 2025, katika kesi ambayo New York Times inaidai OpenAI kuhusu hakimiliki, mahakama ya New York iliiamuru kampuni hiyo ihifadhi mazungumzo ya ChatGPT, hata yale ambayo watumiaji walikuwa wameyafuta. Wajibu huo ulikoma Septemba mwaka huo. Lakini kwa miezi hiyo, mtu aliyebonyeza "futa" hakuwa amefuta.

La tatu ndilo zito zaidi kwangu. Ukiifundisha modeli kwa kumbukumbu za wasomaji, habari zao zinayeyukia ndani ya mamilioni ya nambari. Mwaka 2020 watafiti, wakiwamo wa Google, Stanford na Berkeley, walionyesha kwamba modeli ya GPT-2 ingeweza kushawishiwa kutema maneno yaliyokuwa katika data yake ya mafunzo, yakiwamo majina na nambari za simu za watu. Kwa hiyo habari zinaweza kutoka, ila wewe mwenye mfumo huna kadi ya kuchomoa. Unaweza kufuta mstari katika jedwali. Kumfuta msomaji mmoja kutoka ndani ya modeli iliyokwisha kufundishwa ni kazi ngumu mno, na njia ya uhakika ni kuifundisha upya bila yeye.

Hili si nadharia kwangu. Mwaka jana taasisi moja yenye maktaba ilinitaka niwatengenezee mfumo wa mapendekezo pamoja na programu ya gumzo. Sharti la kwanza kwenye barua yao lilikuwa tuzime ufutaji wa historia ya kuazima, ili mashine ipate cha kujifunzia. Niliwaandikia kwamba mapendekezo hayahitaji hivyo, na kuna ushahidi. Chuo Kikuu cha Huddersfield, Uingereza, kilianza kuonyesha "walioazima hiki waliazima pia kile" katikati ya miaka ya 2000, na Desemba 2008 kikatoa hadharani data iliyotokana na uazimaji karibu milioni 3. Data hiyo haina mtu ndani yake. Ina vitabu na hesabu: kitabu hiki na kile viliazimwa pamoja mara ngapi. Ukitupa jozi zilizoazimwa pamoja na watu wachache sana, hata alama ya kidole haibaki. Unahesabu, kisha unakata uhusiano.

Sehemu hiyo waliikubali, na inafanya kazi vizuri. Programu ya gumzo ikatushinda. Mkataba wa muuzaji ulimruhusu kuyaweka mazungumzo ya wasomaji ili "kuboresha huduma", bila kikomo cha muda, na taasisi haikutaka kuligusa neno hilo kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Nilijitoa katika sehemu hiyo. Imekamilishwa na mwingine, na wanafunzi wanaitumia kila siku. Sijui kama hata mmoja wao ameambiwa.

Wala sisemi tuifukuze akili unde maktabani. Msomaji asiyeona anayesomewa kitabu kwa sauti safi, mtafiti anayetafuta neno moja katika magazeti ya zamani yaliyopigwa picha, mkutubi mmoja wa kaunti mwenye maboksi 40 ya vitabu vya Kiswahili visivyo na katalogi, wote hawa mashine inawafaa, na hakuna hata mmoja anayehitaji msomaji afuatiliwe. Pia yupo msomaji anayetaka historia yake iwekwe, kwa sababu hukumbuki jina la riwaya ile nzuri ya mwaka juzi. Mwache achague mwenyewe, kama Koha inavyomruhusu. Ila isiwe ni maktaba iliyomchagulia kwa kukaa kimya.

Mwaka 2020 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa tamko lake kuhusu maktaba na akili unde, na faragha imo. Matamko ni mazuri. Lakini mkutubi anayekaa mezani na muuzaji anahitaji maswali mafupi zaidi, nami nampa haya manne:

1. Msomaji akimaliza, ni nini kinachobaki, na kinabaki kwenye seva ya nani?
2. Kinafutwa lini, na je, kinafutwa pia katika nakala za akiba?
3. Je, maneno ya wasomaji wetu yatatumika kuifundisha modeli yenu?
4. Mtu akija na barua kudai habari hizo, ni nani atakayeamua kukataa, sisi au nyinyi?

Muuzaji akishindwa kujibu la kwanza, usiendelee na la pili. Na ukiwa wewe ndiye mwandishi wa programu, usingoje kuulizwa. Msomaji haoni jedwali lako wala hatasoma mkataba. Yeye anajua tu kwamba amekirudisha kitabu, na anadhani mambo yameishia hapo.

Haya, tupo pamoja. Wiki ijayo nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuiweka mipangilio ya faragha katika Koha, pamoja na yale majedwali mawili matatu ambayo watu husahau kuyasafisha.